Mnong'onezi wa Mama Hakimu

1

Vumbi lilimwagika mapajani mwa Tulinave Mgaya alipofungua ubavu wa kompyuta ya mama yake. Alikung'uta gauni, akachukua brashi mpya ya rangi aliyoinunua njiani, akaanza kusafisha mapanga ya feni ndogo ya ndani, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio.

"Mama, mashine hii ilisafishwa lini mara ya mwisho?"

"Ulipokuja Pasaka, mwaka juzi," mama yake alijibu kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko la mkaa. "Ulikuja na yule rafiki yako wa Tukuyu. Mlikula magimbi, mkaondoka kabla mvua haijaanza."

Tulinave alitabasamu. Mama yake alikuwa anaelekea miaka themanini, na bado hasahau kitu. Jina lake lilikuwa Eusebia Mligo, lakini Njombe nzima ilimwita Mama Hakimu, kwa sababu alikalia kiti cha Mahakama ya Mwanzo mpaka alipostaafu. Watu walisimulia kwamba alikumbuka mashauri kwa majina ya ng'ombe waliogombewa.

Kompyuta yenyewe ilikaa sebuleni juu ya meza ya mninga: sanduku jeusi, skrini, na kibodi iliyofutika herufi. Ndiyo iliyowasha taa na jiko la umeme, ikafungua geti, ikajaza tangi la maji na kupiga simu hospitali. Na ndiyo iliyokuwa nyuma ya mnong'onezi, ile punje ndogo kama choroko ambayo mama yake aliibandika nyuma ya sikio. Tulinave naye alikuwa na yake, iliyounganishwa na kompyuta ya nyumbani kwake Mbeya. Karibu kila mtu alikuwa nayo. Ukikutana sokoni na mtu mliyesoma wote, mnong'onezi anakutajia jina lake kabla hujaaibika.

Kilichomleta Tulinave ni yaliyompata Mzee Nyagawa, jirani wa upande wa juu. Wavamizi wasiojulikana walikuwa wamepenya kwenye kompyuta yake. Hawakuiba chochote humo ndani. Walimnong'oneza tu mzee sikioni, kwa sauti ileile aliyoizoea, kwamba mafundi wa paneli za jua wamefika, awafungulie geti. Mzee akafungua. Wakang'oa paneli zote mchana kweupe, huku yeye akiwachemshia chai.

Tulinave alirudisha ubavu wa sanduku, akakaza skrubu, akawasha. Alitengeneza nakala rudufu ya kila kitu kwenye diski ya nje, akaichomoa na kuitia kwenye mkoba. Kisha akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya watumiaji. Akaunti ya fundi wa tangi ilikuwa bado na ruhusa ya kufungua geti, na fundi mwenyewe walishamzika. Akaifuta. Mpwa mmoja aliyewahi kulala hapo kwa likizo alikuwa bado msimamizi. Akamwondoa. Akabadilisha nywila, mama yake akaithibitisha kwa kidole gumba, na mashine ikaanza kupokea sasisho la usalama.

Kabla ya kuendelea, skrini ikasimama na maandishi:

*Toleo hili linaziba upenyo ambao wavamizi wameutumia kuingilia minong'ono. Nyumba yenye mnong'onezi wa ngazi ya tatu itahitaji mwangalizi, yaani mtu mmoja atakayeona kila neno linalonong'onwa. Bila mwangalizi, ngazi itashushwa hadi ya kwanza. Nyumba hii iko ngazi ya tatu.*

Tulinave alisoma mara mbili. Ngazi ya kwanza ilitaja majina na saa za dawa. Ngazi ya pili, aliyoitumia yeye mwenyewe, ilikupa cha kusema ukikwama. Ngazi ya tatu haikusubiri ukwame. Ilikuongoza tangu unapofungua macho: hii ni sufuria, huyu ni fulani, sema hivi, sasa kaa.

Siku zote alidhani mama yake yuko ngazi ya kwanza.

"Mama," alisema, akigeuza kiti. "Hapa inasema unatumia ngazi ya tatu."

Mama yake hakujibu papo hapo. Alinyamaza kidogo, kidevu kikiwa juu. Tulinave aliujua ukimya ule tangu utoto. Ulikuwa ukimya wa hakimu anayepima neno.

"Mashine za siku hizi zina maneno mengi," mama yake alisema.

"Sasisho linataka mtu wa kuangalia minong'ono yako. Ukikubali, nitakuwa mimi."

Ukimya tena. Kisha sauti tulivu, iliyonyooka: "Haki ya mtu ya kuwa na siri ndani ya nyumba yake haizeeki pamoja naye. Sikubali mwangalizi."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa zuri mno. Tulinave aligeukia skrini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijisikia vibaya kuuliza swali mbele ya mama yake.

"Jibu hilo umempa wewe?"

"Bi Tulinave," kompyuta ilisema kupitia spika, kwa adabu, "mmiliki amenizuia kujibu swali hilo."

Mkaa ulialika. Mama yake alikuwa akimtazama kwa tabasamu la upole, mikono imekunjwa juu ya kitenge.

Tulinave alifikiria kuacha. Angeweza kufunga dirisha lile na kurudi Mbeya, na mama yake angeendelea kuwa Mama Hakimu. Lakini walioingia kwa Mzee Nyagawa walihitaji kumdanganya. Kwa mtu wa ngazi ya tatu wasingehitaji hata kudanganya. Wangesema tu, naye angetenda. Swali la mwangalizi lingeulizwa tena mashine ikishawaka. Cha haraka kilikuwa kuziba upenyo.

"Naizima kidogo, mama, ijisasishe. Sawa?"

"Zima," mama yake alisema.

Akazima.

2

Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Tulinave alikwenda jikoni kuosha viazi. Aliporudi sebuleni na beseni, mama yake alikuwa amesimama dirishani, akitazama ukungu uliolala juu ya misonobari.

"Wale watu wameshafika?" aliuliza.

"Watu gani, mama?"

Mama yake aligeuka. Alimtazama Tulinave kuanzia miguuni hadi kichwani, kwa heshima, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja kuomba maji.

"Kamwene," alisalimia. Ilikuwa salamu ya kwao, ya kijijini, ambayo hakuwa ameitumia na Tulinave kwa miaka mingi. Nyumbani walizoea shikamoo.

"Kamwene, mama," Tulinave aliitikia.

"Umetoka mbali?"

"Mbeya."

"Eh, Mbeya." Uso wa mama yake uling'aa. "Mimi nina mtoto Mbeya. Binti. Anafanya kazi ya... anafanya ile..." Mkono wake ulipanda nyuma ya sikio, ukaigusa punje, ukaibonyeza. Ukasubiri. Ukabonyeza tena. "Anafanya kazi ya..."

Aliibonyeza mara ya tatu.

"Hasemi," alinong'ona, na macho yake yakajaa hofu ambayo Tulinave hakuwahi kuiona humo. "Leo hasemi."

Tulinave aliweka beseni chini. Alimshika mkono, akamrudisha kwenye kiti, akachuchumaa mbele yake na kumwambia kwamba atasema tena, asijali, atasema jioni. Mama yake aliitikia kwa kichwa. Baada ya muda alitulia, akaanza kumsifu kwa upole wake, na kumwambia kwamba waliomlea wamemlea vizuri.

3

Alimpigia mdogo wake, Lwitiko, akiwa barazani. Lwitiko aliishi Dodoma na alikuwa na haraka siku zote. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Sijui. Mashine imezuiwa kusema. Nadhani aliizuia yeye mwenyewe, alipoona inaanza. Alijua, Lwitiko. Akaipanga ili tusijue."

"Na sisi hatukujua." Alishusha pumzi. "Sasa ni rahisi, dada. Jiandikishe wewe mwangalizi na msimamizi. Nipe na mimi ruhusa. Jiko la umeme lisiwake mpaka tukubali, geti lisifunguke mpaka tukubali."

"Amesema hataki."

"Nani amesema hataki? Mama, au mashine?"

"Ndiyo ninachokuuliza."

"Kama ni mashine, hakuna aliyekataa. Na kama ni mama, mama unayemsimulia hawezi hata kusema unafanya kazi gani. Sasa unamtaka nani athibitishe?"

Hapo hapo, nyuma ya sikio la Tulinave mwenyewe, sauti laini ilimwambia: *Mwambie unaielewa hofu yake.*

"Naielewa hofu yako," Tulinave alisema.

Maneno yalikuwa yameshatoka ndipo alipoyasikia. Lwitiko aliendelea kuongea, kuhusu madaktari na chumba kilicho wazi nyumbani kwake, lakini Tulinave hakuwa akisikia tena. Alikuwa amezikumbuka Jumapili.

Kila Jumapili alimpigia mama yake simu. Kazini kwake alisimamia maji ya mji mzima, na wiki ilipokwisha alikuwa hana neno lililobaki. Kwa hiyo mnong'onezi alimsaidia. *Muulize mguu wake.* Akauliza. *Mwambie kuhusu mvua.* Akaeleza. *Cheka.* Akacheka. Na mama yake alijibu vizuri, akakumbuka kila kitu, akatania, akamtakia wiki njema. Tulinave alikuwa akizipenda simu zile. Alijivunia mbele ya wenzake kwamba yeye na mama yake ni marafiki.

Sasa aliona kilichokuwa kikitokea. Kompyuta ya Mbeya ilikuwa ikizungumza na kompyuta ya Njombe. Wao wawili walikuwa wakizikopesha midomo tu.

"Dada? Upo?"

"Nitakupigia," alisema.

Alibandua punje nyuma ya sikio. Ngozi ya hapo ilikuwa laini na nyeupe. Aliitia mfukoni, akasimama pale barazani kwa muda, akisikiliza jinsi kichwa kilivyokuwa kimya, kisha akaingia ndani.

4

Mama yake alikuwa anamenya viazi. Alimenya vibaya, akikata vipande vinene, na mara nyingine alimenya kilichokwisha kumenywa. Tulinave alivuta kigoda, wakamenya pamoja. Alijaribu kumuuliza moja kwa moja. Alimweleza kuhusu kompyuta, sasisho, wavamizi, mwangalizi. Mama yake alimsikiliza kwa makini, na kila alipomaliza sentensi aliitikia "eh", na mwisho akasema, "Hayo mambo muulize mwanangu. Ndiye anayeyajua."

Tulinave aliacha kumenya. Alimtazama yule mama, mgongo umepinda, maganda yamemjaa kitengeni, na hakujua kwa nini alisema alichosema. Labda kwa sababu hakuwa na mtu wa kumnong'oneza.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "nina shauri."

Kisu kilisimama. Mgongo wa mama yake ulinyooka kidogo kidogo. Alikusanya maganda, akayaweka kwenye beseni, akafuta mikono.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Ni binti, Mheshimiwa."

"Mlalamikiwa?"

"Mama yake."

Mama Hakimu alikunja uso. "Mashauri ya namna hii yangemalizwa nyumbani."

"Nyumbani yameshindikana."

"Haya. Sema. Kwa ufupi, watu wametoka mbali."

Tulinave alipiga magoti sakafuni, bila kukusudia, kama walivyokuwa wakifanya baadhi ya wazee waliokuja mahakamani zamani na kukatazwa. "Kuna mama mmoja mzee. Ana msaidizi anayemnong'oneza sikioni, na bila msaidizi huyo hawezi kuishi. Sasa wezi nao wanataka kumnong'oneza. Binti yake anataka kusimama karibu, asikie kila neno, ili wezi wasipate nafasi. Mama amekataa. Lakini alipokuwa anakataa, msaidizi alikuwa sikioni mwake. Binti hajui aliyekataa ni nani."

"Huyo mama yuko hapa?"

"Yuko hapa, Mheshimiwa."

Mama yake aliangaza sebuleni, kiti hadi kiti. Hakuona mtu. Alitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba amemwona.

"Anaogopa nini?"

Tulinave alitazama maganda kwenye beseni.

"Nimeuliza, anaogopa nini?"

"Sijui, Mheshimiwa. Sikumuuliza."

"Ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza kama anakubali."

"Eh!" Mama Hakimu alipiga paja lake kwa kiganja. "Mnawauliza wazee kama wanakubali. Hamwaulizi wanaogopa nini." Alinyamaza, na safari hii ukimya wake haukuwa na mtu wa kuujaza. Uliendelea mpaka Tulinave akadhani amesahau. Kisha akasema, polepole, akitafuta kila neno na kulipata: "Anaogopa kugeuzwa mtoto. Mtu akisikilizwa kutwa... na mwanawe... anakuwa mtoto. Hilo nimeliona. Wameletwa wengi hapa."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na huyo binti. Yeye anasikilizwa na nani?"

"Hasikilizwi na mtu."

"Ana msaidizi na yeye?"

Tulinave aliinamisha kichwa. "Anaye."

"Basi." Mama yake aliweka mikono yote miwili mapajani, kama aliyekuwa na meza mbele yake. "Binti asimame karibu, wezi wasiingie. Lakini na yeye afungue kwake. Atakachosikia kwa mama yake, mama naye akisikie kwake. Neno kwa neno. Akikataa, huyo ni mpelelezi. Mahakama hii haitoi ruhusa ya upelelezi."

"Na kama mama hataelewa atakachosikia?"

"Ataelewa, hataelewa, hiyo si kazi yako. Ni haki yake." Mara mabega yake yakashuka. Aliangalia kisu na viazi kana kwamba vimeletwa sasa hivi. "Tuahirishe. Nasikia baridi."

Tulinave alimfunika blanketi. Alibaki sakafuni, kichwa kikiwa karibu na goti la mama yake, akifikiria kila kitu ambacho mnong'onezi wa Mbeya aliwahi kumwambia. Mengi hayakuwa na ubaya. Lakini kulikuwa na sentensi moja iliyokuja kila Jumapili, simu ikifika mahali fulani, na kila Jumapili aliitii: *Umeshaongea vya kutosha, sasa aga.*

Mama yake angeiona hiyo.

5

Jioni kompyuta iliwaka. Feni ilizunguka bila kukwaruza. Taa zikapata nguvu, tangi likaanza kujaa, na nyuma ya sikio la Mama Hakimu punje ikarudi kazini. Sasisho lilitoa muda mfupi tu wa ngazi ya tatu kabla ya kuishusha, ili mwenye nyumba afanye uamuzi.

Uso wa mama yake ulijikusanya. Ilikuwa kama kumtazama mtu akivaa koti.

"Tulinave," alisema. Kisha, baada ya kitambo: "Ulinizima."

"Nilizima mashine, mama."

"Kwa sasa ni kitu kimoja."

"Nilikuomba ruhusa. Ulisema zima."

"Nani alisema?"

Walitazamana. Hasira ya mama yake ilikuwa dhahiri, na chini ya hasira kulikuwa na aibu. Tulinave alitaka kuangalia pembeni, akajizuia.

"Sasa umeona," mama yake alisema.

"Nimeona."

"Nilitaka uje unizike ukiwa hujaona."

Tulinave hakusema pole, wala hakusema si kitu. Alivuta kiti, akamsimulia shauri lote, tangu mlalamikaji hadi hukumu. Hakuongeza neno. Mama yake alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Iliposomwa hukumu aliyafumbua.

"Nilisema hivyo? Bila huyu?" Aligusa sikio.

"Bila huyo."

"Upelelezi?"

"Ulisema mahakama haitoi ruhusa ya upelelezi."

Midomo ya mama yake ilitetemeka, na Tulinave hakujua kama anataka kucheka au kulia. Huenda wote wawili hawakujua.

"Na wewe utafungua kwako?"

"Nitafungua. Kuna mengine hayatakufurahisha."

"Nilikaa kwenye kile kiti miaka yote ile nikisikia yasiyonifurahisha." Alisogea mezani, Tulinave akiwa amemshika kiwiko. Aliangalia skrini kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole gumba mahali pa kuthibitisha. "Hukumu yangu mwenyewe nitaikatia rufaa wapi?"

Kama maneno hayo yalikuwa yake au ya punje, Tulinave hakujua. Ilikuwa mara ya mwisho kutojua.

Alifanya kazi iliyobaki. Mwangalizi wa nyumba ya Njombe: Tulinave Mgaya. Mwangalizi wa nyumba ya Mbeya: Eusebia Mligo. Mashine ilimwonya kwamba mwangalizi huyu wa pili ni mtumiaji wa ngazi ya tatu, ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Jiko la umeme na geti hakuvigusa. Viliendelea kumtii mama yake.

Lwitiko alipopigiwa simu alitaka masharti yarudiwe.

"Yaani nikitaka kuona minong'ono ya mama, mama aone yangu?"

"Ndiyo alivyoamua."

"Mama yupi?"

"Aliyekuwa peke yake, Lwitiko. Hakuwa na mtu sikioni."

"Dada, mimi nina mambo yangu. Ya kazi. Ya nyumbani." Alikohoa. "Nitafikiria."

Hakusema lini. Tulinave hakumlaumu, na hakumpa nywila.

6

Jumapili iliyofuata, Mbeya ilikuwa na mvua nyepesi. Tulinave aliketi mbele ya kompyuta yake na chai iliyokwisha kupoa. Wiki nzima alikuwa ameona minong'ono ya mama yake ikipita pembeni mwa skrini, na alikuwa amejifundisha kuitazama mara chache, kama mtu anayepita mlangoni kwa mtu bila kuchungulia. *Hii ni sabuni. Leo ni Alhamisi. Aliyegonga ni Mzee Nyagawa, msalimie.* Iliuma kuisoma. Siku ya pili alilia ofisini.

Akapiga simu. Uso wa mama yake ulitokea, na pembeni mwake maandishi: *Anayepiga ni Tulinave, binti yako. Yuko Mbeya. Muulize kuhusu kazi.*

Mama yake hakuuliza kuhusu kazi. Alisogeza uso karibu na skrini, akamtazama.

"Umekonda," alisema.

Tulinave alitupa jicho pembeni. Hapakuwa na neno jipya. Maandishi yalikuwa yamesimama palepale kwenye kazi.

"Umekula?" mama yake aliuliza.

Bado hapakuwa na neno. Mnong'onezi hakuwa amesema *umekonda*, wala hakuwa amesema *umekula*. Tulinave alishika ukingo wa meza. Miaka yote ile alikuwa akipokea sentensi nzuri asizojua zimetoka kwa nani, na sasa maneno haya mawili mafupi alijua ni ya mama yake.

Nyuma ya sikio lake mwenyewe, ambako alikuwa ameirudisha punje, sauti ilimgusa: *Mwambie uko salama.*

Kule Njombe macho ya mama yake yalihamia pembeni mwa skrini yake. Alisoma polepole, akisogeza midomo, neno moja moja, kama mtu anayesoma barua kwa mwanga hafifu.

"Hapa pameandikwa," alisema, "'Mwambie uko salama.'" Akainua macho. "Hiyo ni mashine yako. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Mvua iligonga dirisha. Tulinave aliibandua punje, akaiweka mezani mahali ambapo mama yake angeweza kuiona. Hakuwa na chochote cha kusema kilichokuwa tayari. Alisubiri, na mama yake akasubiri.

"Sijala, mama," alisema mwishowe. "Na nimechoka sana."

"Eh," mama yake alisema. "Sasa nimekusikia."